Mji Kasoro Bahari, Baiskeli Kasoro Pumzi

Mwezi wa nane, hapa Morogoro, jua huchomoza jekundu kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na watu hutoka barazani na simu zao kulipiga picha. Wewe usilipige. Jua lenye afya zake halitazamwi. Ukijiona unalikodolea macho na wala chozi halikutoki, ujue kati yako na lenyewe pamelala shamba la mtu, kipande cha mteremko wa Uluguru na majani yote ya mwembe wa jirani, vikiwa vimegeuka masizi na kupanda juu kutafuta pa kukaa. Na pa kukaa pameshapatikana: kifuani kwako, maana una baiskeli na kazini unatakiwa saa mbili.

Mwongozo huu ni wako. Anayeuandika amepanda Phoenix yenye keria ya chuma kati ya Kihonda na mjini kwa miaka kumi na moja, na kikohozi chake kinajulikana mtaani kuliko jina lake. Moshi ninaousema, kabla hatujaenda mbali, si ule mji wa Kilimanjaro. Ingawa nao Oktoba 2020 waliuona mlima wao ukiwaka kwa siku kadhaa, jina likakutana na mwenyewe.

Miongozo mingine ipo, mingi na mizuri, ila imeandikwa na watu ambao kwao moshi ni mgeni. Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada uliteremka hadi New York, anga ikawa rangi ya chungwa, watu wakaambiwa wabaki ndani. Siku chache baadaye upepo ukageuka, moshi ukaaga, baiskeli zikarudi barabarani. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mgeni wa wenzetu hakufika hata kuushika mpini. Wetu huingia Juni, hukaa mpaka vuli imtoe, na jembe kalishika kweli: ndiye anayesafisha mashamba.

Kwa hiyo ukisoma kwamba siku ya moshi mpanda baiskeli afunge madirisha na kuwasha mashine ya kusafisha hewa, usicheke, waandishi wale ni watu wema. Dirisha langu lina wavu na pazia. Nikilifunga nimewafungia mbu tu. Mashine ya kusafisha hewa ninayo moja, inaitwa mvua, na huwashwa Novemba.

Soma mlima

Wenye programu za simu wana rangi sita. Kijani ni hewa safi, namba haizidi 50. Kisha njano, chungwa, nyekundu, zambarau, na ukipita 300 inakuja rangi ya damu iliyoganda, ambayo maana yake ni rudi kitandani. Mimi programu hiyo niliipakua. Ikafikiri sana, ikazungusha kile kiduara chake, ikanionyesha hewa ya mji mwingine kabisa, tena nzuri. Nikaushukuru mji ule nikapanda baiskeli.

Morogoro tuna kipimo kisichotaka chaji. Simama Kihonda uangalie Uluguru. Ukiiona minara iliyosimama juu ya kilele cha Bondwa na ukaweza kuihesabu, panda baiskeli kwa raha, hata mluzi unaweza kupiga. Ukiuona mlima ila umelala bapa, hauna mabonde wala miti, kama pazia lililochorwa kwa ajili ya igizo la shule ya msingi, hiyo ni njano inayoelekea chungwa. Ukibaki mstari tu wa mgongo wake, nyekundu. Na ukikuta mlima haupo kabisa, usibishane wala usiulize majirani. Mlima wenye zaidi ya mita 2,000 hauondoki asubuhi kwenda kusalimia ndugu. Upo palepale, kilichoongezeka ni kilichopo kati yenu.

Kipimo hiki kina udhaifu, nao ni lazima niuseme maana mwongozo wa kejeli si mwongozo wa uongo. Moshi unaouona ni ule mnene. Wenye madhara makubwa ni chembe za upana usiozidi mikromita mbili na nusu, ambazo ukizipanga thelathini ndipo unapata upana wa unywele mmoja. Pua ya binadamu ni mlinzi wa getini: huwasimamisha wenye mizigo mikubwa, vumbi la barabarani, unga wa mashine, mbegu za majani. Mwenye kibahasha kidogo humpigia saluti akapita mpaka ndani ya mapafu, na walio wadogo zaidi huendelea hadi kwenye damu bila kuulizwa kitambulisho. Shirika la Afya Duniani, lilipopitia viwango vyake mwaka 2021, lilisema kwa siku nzima wastani usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Mimi mizani ya mikrogramu sina. Nina shati jeupe, na kola yake ikifika mjini imeshaandika ripoti.

Suluhisho lingekuwa kuazima panya. Msicheke. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, hapahapa mjini kwetu, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akanusa mabomu kwa miaka kadhaa, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutunza wanyama. Mji wenye panya waliosoma kiasi hicho unashindwaje kumkalisha mmoja kwenye usukani wa baiskeli, akipiga chafya tugeuze njia? Nimelipeleka wazo hili kijiweni kwetu. Wameniuliza panya huyo atalipwa nini, na baada ya hapo mazungumzo yakahamia kwenye mishahara kwa ujumla.

Chagua saa

Kila anayejua baiskeli atakwambia uondoke alfajiri, hewa ikiwa bado safi. Huyo hajawahi kuondoka alfajiri. Usiku hewa ya mlimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka polepole hadi mjini kama mzee anayeshuka ngazi, na moto uliowashwa jana mteremkoni huja nao umeshikwa mkono. Ikishafika chini haina upepo wa kuisukuma. Inatanda juu ya mabati, vuguvugu juu na baridi chini, moshi umefunikwa kama wali kwenye sufuria. Ndipo na wewe unapotoka.

Na ndipo kina mama wanapofagia. Jirani yangu ni mwanamke msafi kupita kiasi. Saa kumi na mbili kasoro rundo lake liko tayari chini ya mwembe, na njiti imeshawashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo safari?"

"Ndiyo mama. Naona leo unachoma."

"Nachoma, mbu wamezidi."

Kwenye rundo kuna majani, maganda ya ndizi, pampasi mbili, chupa ya juisi na ndala ya mguu wa kushoto. Kuna pia mfuko wa plastiki, ingawa mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo huu lazima unawaka tangu Mei ya mwaka huo.

"Na ndala mama?"

"Hiyo hasa ndiyo wanayoiogopa."

Sikuongeza neno. Kuna umri ambao mtu akishaufikia hafundishwi kuchoma ndala, na mimi mwenyewe huwa naazima kwake chumvi.

Ukichunguza kwa makini utagundua kwamba hewa ya mji wetu huwa nzuri kuanzia mchana. Jua linaipasha ardhi, hewa inapanda, upepo unaamka, moshi unatawanyika, minara ya Bondwa inarudi mmoja mmoja. Kwa hiyo saa bora ya kupanda baiskeli ni saa saba na nusu, lami ikiwa inalainika na barabarani umebaki wewe na mijusi. Kama mwajiri wako anasisitiza saa mbili, soma upya mkataba: huenda haujataja asubuhi wala usiku.

Jua kiasi unachokunywa

Abiria aliyetulia kwenye kiti cha hiace hupumua lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Mpanda baiskeli anayekaza mguu kwenye mwinuko hufika lita 60 na kupita, tena kwa mdomo wazi, yaani hata yule mlinzi wa getini amepewa likizo. Hewa ni ileile. Abiria anaionja kama mpishi anavyoonja chumvi; wewe unaipiga kama togwa ya harusini, kata baada ya kata, na hakuna anayekwambia inatosha. Wanaosema usafiri wa baiskeli ni wa bure wamesahau kuhesabu kinachoingia.

Dawa yake ni kwenda polepole. Nasema kweli, hii ndiyo nasaha pekee humu ambayo haina mzaha: siku mlima haupo, chagua gia nyepesi kama unayo, na kama ni Phoenix isiyo na gia shuka kwenye mwinuko ukokote. Pumua kwa pua. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mwendo huo unafaa. Utapitwa na watoto wa shule, utapitwa na mzee aliyepakia kuku, utaulizwa kama una pancha. Jibu ndiyo; ni rahisi kuliko kueleza mikromita.

Mwenye pumu, au moyo unaomsumbua, au mimba, yeye siku hiyo aiache baiskeli ukutani, na dawa yake ya kuvuta ikae mfuko wa shati, isikae kwenye droo. Nimemaliza kuwa mtu mzima, tuendelee.

Pita Msamvu

Msamvu ndipo barabara ya Dar es Salaam, ya Iringa na ya Dodoma zinapokutana na ya kuingia mjini, na kila moja huja na malori yake. Malori ya Zambia, ya Kongo, ya Dodoma na Kanda ya Ziwa, mabasi yanayoingia na kutoka stendi, na yale magari ya IT, yaani ya kupita tu nchini, yaliyotoka bandarini juzi, yana namba za karatasi na haraka ya kufika Tunduma. Mtu wa kutoka Kihonda hana ujanja. Lazima apite hapo, na lazima asimame.

Mpanda baiskeli mgeni husimama popote. Mkongwe huchagua pa kusimama kama anayechagua kiti msibani. Angalia kwanza rangi. Moshi mweusi ni dizeli iliyopita kwenye injini bila kuungua sawasawa. Nozeli zimechoka, au dereva kakanyaga kuliko uwezo wa gari. Wa bluu ni oili inayoungua, injini imekula umri. Mweupe usiokatika hata injini ikiwa ya moto, basi maji yamepenya yasikotakiwa, na gari hilo halitafika Mikumi. Kwa miaka hii kumi na moja nimekuwa mwonjaji. Nikifumba macho naweza kukwambia hili ni semi-trela tupu linarudi bandarini, hili basi la alfajiri limechelewa, hii bodaboda inachanganyiwa oili na mtu asiye na kipimo.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli inayouzwa isizidi salfa ya sehemu 50 katika milioni, na ni jambo la kushukuru. Ile ya zamani ilikuwa inakata koo kama pilipili kichaa. Lakini mafuta masafi kwenye injini chafu ni kama maji ya baraka kwenye sufuria lenye ukoko.

Kanuni ni hizi. Usisimame nyuma ya bomba la moshi hata kama kivuli kiko hapo, na shetani ataweka kivuli hapo makusudi. Penya ukasimame mbele ya wote, dereva akuone, au baki nyuma kabisa, urefu wa trela moja na zaidi. Katikati ni kwa wasiojipenda. Malori yanapoanza kuondoka ndipo yanapotoa dhamira yao yote, kwa hiyo vuta pumzi mapema, ibane, hesabu mpaka kumi. Mimi huwa nafika saba. Wakati huohuo konda wa hiace atachomoza mlangoni nusu kiwiliwili akupigie kelele, "We baiskeli, sogea, unaziba njia!" Huwezi kumjibu kwa sababu umebana pumzi. Nadhani analijua hilo.

Kuna njia za ndani, za vumbi, zinazokwepa nusu ya Msamvu. Zipitie. Vumbi linakera, linajaa kope, linakusababishia ufue suruali kila siku, lakini sehemu kubwa yake ni wale wenye mizigo mikubwa wanaokamatwa getini. Ukichagua kati ya vumbi na masizi, chagua vumbi. Hata mtaa mmoja tu kutoka barabara kuu moshi wa magari hupungua sana. Si lazima uhame mji.

Funika uso, ukiweza

Wengi huanza na leso iliyoloweshwa maji. Huzuia vumbi na huzuia vizuri. Moshi huuzuia kama wavu wa goli unavyozuia nzi. Wengine wametoa kabatini barakoa za kitenge za mwaka wa korona, 2020, zilizoshonwa kufanana na gauni la mke. Wanapendeza, na habari yao inaishia hapo. Ile nyepesi ya buluu ya hospitalini huacha mashavu wazi, na hewa si mjinga wa kubisha hodi mlangoni wakati madirisha yote yako wazi.

Inayofaa ni ile inayoitwa N95. Hiyo tisini na tano ni asilimia ya chembe inazokamata kwa uchache, zikiwemo ndogo zilizo ngumu kukamatika, kwa sharti moja: ikubane uso pande zote. Hapo ndipo ndevu zinapoingia kwenye mjadala. Ndevu hufungua vichochoro, moshi ukapita pembeni huku wewe mbele unajiona salama. Sheikh wetu nilimweleza, akanitazama kwa huruma, akasema yeye atapanda bajaji. Na ukumbuke kuwa barakoa hiyo haizuii gesi. Kaboni monoksidi ya Msamvu inapita humo kama haikuona kitu. Halafu kuna miwani. Ukivaa vyote viwili, pumzi hupanda, kioo kinafanya ukungu, na unavuka makutano ya barabara kuu tatu za nchi kwa kutumia masikio.

Nyumbani watakusubiri na glasi ya maziwa. Kila fundi wa kuchomelea, kila dereva wa greda, kila mama wa Kihonda anajua kwamba maziwa huosha moshi kifuani. Nimelifikiria sana hili nikiwa natembeza baiskeli. Maziwa yanaenda tumboni, masizi yanaenda mapafuni, na njia hizo mbili huachana kooni kama barabara ya Iringa na ya Dodoma zinavyoachana pale kwetu. Ukipakia dawa ya Dodoma kwenye lori la Tunduma, Dodoma watasubiri. Kunywa, ni matamu. Kuhusu kujifukiza nyungu, tulijifunika mablanketi ya kutosha mwaka ule wa 2020. Sasa hivi ninachoweza kusema ni kwamba kumtibu mtu wa moshi kwa kumwinamisha juu ya jiko la mkaa ni mawazo ya hali ya juu mno kwangu.

Msamehe anayechoma

Moto wa mlimani hauji wenyewe. Kuna mkulima anayesafisha shamba kabla ya mvua, mfugaji anayetaka majani mabichi yachipue, mrina asali aliyesahau mwenge, na mwindaji anayewatoa panya vichakani, ndugu maskini wa Magawa ambao hawakubahatika kusoma. Moto ukishawaponyoka tunauita moto kichaa, kana kwamba aliyeugua akili ni moto. Wapo pia wanaoamini kwamba moto ukienda mbali, maisha ya aliyeuwasha yatakuwa marefu. Siwezi kubishana na imani ya mtu. Ninachoomba, sisi tulio upande unakokwenda moshi, tuambiwe miaka hiyo anayoongezewa inakatwa kwa nani.

Satelaiti zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kwa mwaka iko barani Afrika, sehemu kubwa nyika na miombo kama yetu. Kwenye mashindano haya hatutolewi hatua ya makundi.

Usimdharau mwenye mkaa

Nakuja kwa mtu aliyenifanya niandike. Kwenye barabara ya Dodoma, asubuhi, utakutana na wapanda baiskeli halisi, ambao mbele yao mimi ni mtalii. Baiskeli moja, magunia matatu ya mkaa, kila moja limetiwa lumbesa mpaka limeota kichwa cha majani. Mwenyewe haonekani, unaona magunia yanatembea. Mwinuko anausukuma kwa bega; mteremko anakalia fremu na breki yake ni kisigino cha ndala kwenye tairi la nyuma. Ameondoka huko porini saa nane za usiku.

Septemba iliyopita, siku ambayo mlima haukuwepo, nilimkuta mmoja amepumzika kwenye kivuli karibu na Kihonda. Nilikuwa nimevaa barakoa yangu mpya, imenibana barabara.

"Pole na mzigo, mkuu."

"Nimeshapoa, kaka. Unaumwa?"

"Siumwi. Ni huu moshi."

Akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama na juu.

"Moshi upi?"

Nikamwonyesha palipokuwa na Uluguru. Akacheka, akapiga chafya, akafuta pua kwa nyuma ya kiganja, na kiganja hakikubadilika rangi. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, kwamba ule si moshi. Moshi ni tanuri. Tanuri ukilifukia udongo vizuri linafuka siku nyingi, na wewe unalala pembeni yake kulilinda, maana likipasuka usiku na hewa ikaingia, asubuhi unakuta majivu na kazi ya mwezi imeondoka. Unaamka kila saa kuziba nyufa. Barakoa? Alitaka kujua bei. Nilipomtajia alinyamaza kidogo akapiga hesabu, kisha akaniambia ni nusu debe.

Nilisimama na Phoenix yangu nikijaribu kutafuta nasaha ya kumpa kutoka kwenye mwongozo huu ambao wakati huo ulikuwa tayari kichwani. Aende polepole? Achague saa? Apite njia za ndani? Yeye ndiye mpanda baiskeli anayevuta moshi kuliko sote katika mkoa, na kwenye keria yake amebeba wa kwetu, uliofungwa vizuri kwenye magunia, tutaufungua wenyewe nyumbani.

Nikafanya alichokuwa anangojea nifanye. Nikauliza bei ya gunia. Serikali imepanga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Mtungi wangu wa gesi uliisha tarehe 20 na mshahara unaingia tarehe 28. Tukavutana bei, akapunguza elfu mbili, akanisaidia kulifunga gunia kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Nikageuza kurudi nyumbani kulishusha kabla ya kazi. Kwenye kale kamwinuko kadogo ka mtaani kwetu nilihema kwa mdomo wazi ndani ya barakoa, na mama jirani aliposimama na ufagio wake kunitazama nikipita, alisema nimeanza biashara, hongera.

Jioni maharage yalikuwa bado magumu. Mkaa ulikuwa na vipande vibichi, vya kuni ambazo hazikuiva tanurini, na ukumbi ukajaa moshi mpaka watoto wakatoka nje bila kuambiwa. Mke wangu akaniita nishike zamu. Nikachutama, nikaangaza huku na huku kutafuta cha kupepea, nikaona boksi la barakoa juu ya kabati. Kadibodi yake ni ngumu, nzuri. Nililipasua katikati nikaanza kupepea.